Nakshi ya Usiulize

Mama,

Shikamoo. Najua huwezi kuitika, lakini nikianza barua bila shikamoo naona kabisa utanirudisha mlangoni niingie upya, kama ulivyofanya siku ile nilipotoka shule nikapitiliza jikoni na njaa yangu. Basi shikamoo, mama yangu. Ni mimi Siwema, kitinda mimba wako, yule uliyesema vidole vyake vimeumbwa kwa ajili ya kalamu na kijiko tu.

Nakuandikia nikiwa kibandani, kwenye meza ya fotokopi. Umeme umekatika tangu saa tatu asubuhi na mashine zimelala. Wateja wanafika na vyeti vyao, nawaambia wapite mchana, wanasonya, wanaondoka. Kwa hiyo leo karatasi ninazo tele na kazi hakuna, nikaona nisikukwepe tena. Maana nimekukwepa, mama. Nakuja kaburini, nasoma dua, nang'oa majani mawili matatu, naondoka mbio kama mtu aliyeacha maziwa jikoni.

Kwanza habari za nyumbani. Mwamvua wangu ameota yale meno mawili ya mbele na anacheka ovyo ili watu wayaone. Kaka Ramadhani anakuja kila Ijumaa baada ya swala, anakaa kwenye kiti chako, anajidai amekaa hapo kwa bahati mbaya. Mchikichi wa uani, ule uliokuwa ukiutukana kila asubuhi kwamba unajaza nafasi bure, umezaa. Tumekamua mawese yake. Siku niliyoyaungia maharage kwa mara ya kwanza nilikula nikilia, Mwamvua akaniuliza kama ni pilipili. Nikamwambia ndiyo, ni pilipili. Kanga zako tuligawa siku ya arobaini, nikabakiza ile ya kijani yenye alama ya pasi, kwa sababu pasi ile niliisahau mimi na ulinisema wiki nzima.

Sasa nisikilize. Nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Kaka, na limenikaa kifuani tangu wiki ile tuliyokuzika.

Tulikuzika na mkeka wa bibi.

Uliniambia zaidi ya mara moja. Juu ya kabati kuna mikeka miwili, imeviringishwa, kila mmoja umefungwa kwa kanga kuukuu. Mweupe ndio wa safari yangu, ulisema, nimeusuka mwenyewe na haujalaliwa na mtu. Wa rangi ni wa mama yangu, huo muutunze. Nami kila ukianza hayo nilikujibu, "Aa, mama, acha maneno hayo," nikatoka. Sikutaka kusikia habari za safari. Ningetulia dakika moja tu nikauliza upi uko upande upi.

Siku yenyewe ikafika. Wanawake wanakuosha katika chumba alicholala Kaka zamani, wanaume wako barazani wanaharakisha wakuwahishe baada ya adhuhuri, mara sauti ikaingia ndani: "Mkeka wa kuweka juu ya mbao za kaburi uko wapi? Leteni mkeka!" Nikakimbia chumbani kwako, nikapanda kitandani, nikanyoosha mkono juu ya kabati, nikashika wa kwanza niliougusa. Nikautoa mlangoni vilevile ulivyofungwa. Sikuufungua, mama. Macho yangu siku ile hayakuwa yanaona kitu. Na sisi wanawake hatukwenda makaburini, kwa hiyo ulifunguliwa kule kule, na watu ambao kwao mkeka ni mkeka.

Nilijua siku ya tatu. Kaka alikuwa anakunywa chai, akataka kunifariji. Akasema, "Mama amezikwa vizuri, Siwema. Hata mkeka wake ulipendeza, zile nyekundu na zambarau bado zinang'aa." Nikamwitikia. Nikaingia chumbani, nikapanda kitandani, nikashusha ule uliobaki na kuufungua pembe. Mweupe. Nikaufunga, nikaurudisha, nikakaa sakafuni mpaka Mwamvua akaja kunitafuta.

Kaka hajui alichokiona. Yeye alikuwa wa ziwani na wa mpira, mikeka hakuitazama. Lakini mimi na wewe tunajua. Ule mkeka ndio kitu pekee cha bibi kilichokuwa kimebaki. Picha hana. Kaburi lake limemezwa na nyumba za watu. Alifariki wewe ukiwa na miaka kumi na miwili, akakuacha na babu, fundi cherehani, mtu asiyesema. Mimi bibi nilimjua kwa mkeka tu. Siku za joto ulinitandikia niulalie mchana, na nikiamka shavu zima lina alama, nawe unazifuata kwa kidole chako unacheka, unasema, "Umeandikwa na bibi yako."

Nilikuwa mdogo kuliko Mwamvua nilipokuuliza nakshi ile inaitwaje. Ulikuwa unasuka. Naiona mikono yako mpaka sasa, ukili unatambaa kutoka vidoleni unajikunja mapajani, na kile kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto umekinyoosha nje peke yake, kizima, hakina ugonjwa wowote, ila hukitumii. Mimi na Kaka tulikuwa tunakuigiza nyuma ya mlango na vikombe vya chai, vidole nje, "Mama anakunywa chai na mkuu wa mkoa." Basi nikakuuliza, mama, hii nakshi inaitwaje? Hukuinua uso. Ukasema, "Usiulize."

Nami kwa akili za utoto nikajua ndilo jina lake. Nikawatangazia wenzangu mtaani kwamba mkeka wetu ni wa nakshi ya Usiulize. Ulinisikia nikiringa nalo, na hukunisahihisha.

Ndivyo ulivyokuwa kwa kila kitu cha upande ule. Unakumbuka fomu ya shule, yenye mahali pa kuandika kabila? Ulifuta mikono kwenye kanga, ukaniambia, "Andika Ujiji. Sisi wenyeji wa hapa." Nikasema Ujiji si kabila. Ukasema, "Basi acha wazi," na uso wako ukabadilika nikaogopa. Nimekuja kuelewa ukubwani, hapa hapa kibandani, nikiona watu wenye majina ya upande wa pili wa ziwa wanavyozishika karatasi zao kwa mikono miwili, wakiniomba nitoe nakala tatu, nne, ziwepo za akiba. Uliogopa siku mtu atakapokuambia urudi kwenu. Na kwenu ni hapa. Ulizaliwa hapa na umezikwa hapa.

Mwezi wa nne huu akaja kibandani dada mmoja anaitwa Sabra. Ni mzaliwa wa Unguja, amehamishiwa Kigoma kikazi, mpole mpaka unamwonea huruma. Ukimkanyaga yeye ndiye anayeomba radhi. Alileta tangazo nilitolee nakala hamsini. Warsha ya ukoo na kazi za mikono, Jumamosi nne mfululizo, darasani Rusimbi. Kila mtu aje na kitu kimoja kilichotengenezwa na mkono wa mzee wake aliyetangulia, aeleze habari za mzee huyo, kisha ajifunze kukitengeneza. Nikasimama pale mashine inatema karatasi, na kila karatasi inaniambia njoo na kitu, njoo na kitu. Nakala hamsini, mama. Nilimwambia karatasi zimekwama, nipate kugeuka nifute macho.

Nilikwenda. Sijui nilifuata nini, pengine nilitaka tu kukaa karibu na watu wanaotaja wazee wao. Nilikwenda mikono mitupu, wenzangu wamebeba. Mzee mmoja alikuja na kafi la mtumbwi alilochonga babu yake, limelainika mpaka linateleza. Mama mmoja wa Mwandiga alileta ungo. Na ubavuni kwangu alikaa Bibi Anastazia, ambaye alikuwa ametoka Mwamgongo kwa boti tangu alfajiri, kapu lake mapajani na rozari shingoni. Ameshapita themanini. Mgongo umepinda lakini ulimi umenyooka.

Tukapewa fomu. Wewe unajua mimi najaza fomu za watu mwaka mzima, mpaka wengine wananiita karani. Nikajaza ile kwa mazoea, bila kufikiri. Jina la bibi mzaa mama: Mgeni. Alikotoka: Ng'ambo. Alichotengeneza: Mkeka. Jina la nakshi: Usiulize. Nikampa Sabra, naye akawa anazisoma kwa sauti, moja moja, kila mtu amsikie mwenzake.

Alipofika kwenye yangu uso ukamchanua. "Ng'ambo!" akasema. "Kumbe bibi yako wa kwetu Unguja! Ng'ambo ya wapi, mtaa gani?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mzee wa kafi akanyoosha mkono dirishani, ziwani, akamwambia, "Dada, ng'ambo ni hukooo. Kongo." Sabra akacheka naye, masikini, akajipiga kofi la kichwa. Sisi hapa neno hilo tunalisema tangu tunanyonya, wala hatufikirii kwamba kuna mtu aliyezaliwa katika Ng'ambo yenye mitaa na maduka. Mimi pia nilicheka. Halafu akaendelea kusoma, bado anatabasamu. "Jina la bibi, Mgeni." Tabasamu likapungua. "Jina la nakshi," akasoma, kisha akaisogeza karatasi karibu na macho. "Usiulize."

Kicheko kikaanza tena, kikafa chenyewe.

Hapo ndipo niliposikia, kwa sauti ya mtu baki, nilichokuwa nimekiandika. Mgeni kutoka ng'ambo, usiulize. Mama, hapakuwa na jina hata moja pale! Najua wako watoto wanaopewa jina la Mgeni wakizaliwa, nami siku zote nilidhani bibi alikuwa mmoja wao. Kumbe huenda ndivyo watu walivyomwita aliposhuka hapa hana ndugu, likamganda, akaolewa nalo, akazaa nalo, akazikwa nalo. Miaka yote hii nilidhani nina bibi ninayejua habari zake. Nilichokuwa nacho ni maneno matatu ya kumfukuzia mtu mlangoni, na mkeka. Na mkeka nimeuzika.

Nililia mbele za watu, siwezi kukuficha. Bibi Anastazia akaniwekea mkono gotini. "Mwana wanje, mwanangu," akaniambia, "huo mkeka uko wapi tuuone?"

Nikasema uongo. Nikasema, "Uliliwa na mchwa, bibi."

Akaitazama mikono yangu mitupu. "Ego, ndiyo," akasema. "Mchwa hawana adabu."

Wiki ile nilitembea na uongo huo kama kokoto kwenye kiatu. Alhamisi mchana umeme ukakatika kama leo, joto lile la kabla ya mvua, nikafunga kibanda nikarudi nyumbani. Hakuna mtu. Nikaingia chumbani kwako. Tangu uondoke nilikuwa naingia kufagia tu, natoka. Siku ile nikashusha mkeka mweupe, nikautandika sakafuni, nikaulalia. Nisamehe. Najua ulisema haujalaliwa na mtu. Lakini nilikuwa nimechoka, mama, nimechoka kwa namna ambayo usingizi wa kitandani hauisaidii, na nilitaka kulala mahali ulipopitisha mikono yako.

Nililala fofofo. Adhana ya alasiri ikaniamsha, nikatoka uani kutawadha. Nikakunja mikono ya gauni, nikaosha uso, nikamimina maji mkono wa kulia, na maji yakapita juu ya alama.

Nilibaki nimeshika kopo. Mistari inapanda mkononi, inakutana, inakatika, inaanza tena, na katikati kile kisanduku kidogo ambacho nilikijua kabla sijajua herufi. Nikakimbia ndani na mikono inachuruzika, nikajitazama kwenye kioo chako. Shavuni vilevile. Mtu mzima wa miaka arobaini na mbili, shavu la mtoto. Usiulize yote ilikuwa pale, hakuna mstari uliopungua.

Nikautoa mkeka nje, nikauinua mbele ya jua lililoanza kushuka, nikauinamisha hivi na hivi, na nakshi ikajitokeza kwa vivuli vyake. Uliisuka yote. Mkeka mzima wa bibi uliusuka upya kwa miyaa isiyotiwa rangi, nyeupe juu ya nyeupe, asiyejua anapita anaona mkeka mtupu. Ndiyo maana ulichukua misimu miwili kuumaliza, na sisi tunakutania, mkeka mweupe gani huu usioisha, unausuka au unaufuga? Wewe unacheka nasi, kidole nje.

Sijui ulikusudia nini. Pengine wa rangi ulitaka tubaki nao sisi, na wewe uende na huu ambao mtu akiuangalia hakuulizi kitu. Ulitaka kwenda na mama yako kwa siri, kama ulivyoishi naye. Na mimi kwa pupa yangu nikakuvuruga. Nilikaa pale uani na mkeka magotini mpaka jua likakaribia kuzama, alasiri ikataka kunipita, nikaiswali mbio mbio juu ya mkeka huohuo.

Jumamosi nikaubeba kichwani mpaka Rusimbi. Bibi Anastazia aliniona tangu mlangoni. Akasubiri niketi, nikohoe, nipange miguu. Kisha akasema kwa sauti ya darasa zima, "Kumbe mchwa wameurudisha."

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini alikuwa anatabasamu, naye hakutaka maelezo. Akauvuta mkeka, akaufungua, akaupitishia kiganja chake kikavu kama anavyopapasa mtu mgongo wa mtoto anayelala. Akafika katikati, akasimama. Akarudi nyuma, akapapasa tena.

"Huu ni wa Feza," akasema.

Nikamwambia hapana bibi, huu alisuka mama yangu, Zaituni, hapa Ujiji. Akatikisa kichwa. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, maana nimeyarudia kichwani kila siku. "Mikono ni ya mama yako, sikatai. Huu usukaji ndio wa Feza. Sisi kule Mwamgongo twasuka hivi. Mama yangu alifundishwa na mwanamke wa ng'ambo, alishuka kwetu na mtumbwi, mimi nikiwa mdogo, hata maji sijaanza kuteka. Akakaa kwetu mvua moja nzima. Aliitwa Feza. Ndiyo maana twauita wa Feza. Hawa mabinti wa leo wanausuka, ukiwauliza Feza ni nani, hawajui."

Nikafanya kitu ambacho sikukifanya maisha yangu yote, mama. Niliuliza. Nikamwuliza, alikuwaje?

Bibi Anastazia akainua mkono wake wa kushoto. Akavikunja vidole vinne kama anayeshika ukili, na cha mwisho akakinyoosha nje, peke yake.

"Hiki kilikuwa kimekufa," akasema. "Sijui kiliumizwa na nini. Kilikuwa hakikunjiki. Akisuka anakiacha nje, hivi. Sisi watoto tulikuwa tunamcheka."

Nikauliza tena. Alikwenda wapi? Akasema alikuja fundi cherehani kutoka Ujiji, kushona sare za shule, aliporudi wakarudi wawili. Hawakumwona tena.

Mama. Kidole chako kilikuwa kizima. Hakikuwahi kuumwa hata siku moja. Ulisuka miaka yote na vidole tisa kwa sababu yule aliyekufundisha alikuwa na vidole tisa, na ulikuwa mtoto, ukaona ndivyo watu wanavyosuka. Au ulipokua ulijua, na ukakiacha hivyo hivyo, kwa kumpenda. Na sisi nyuma ya mlango na vikombe vyetu.

Sabra alinirudishia fomu na kalamu, alikuwa anafuta pua kwa ncha ya mtandio wake. Sikufuta "Mgeni", kwa kuwa aliliitikia mpaka mwisho wake. Nikaandika pembeni: Feza. Kwenye "Alikotoka" nikaacha Ng'ambo, maana zaidi ya hapo bado sijui. Kwenye jina la nakshi ndipo nilipoweka mstari na kuandika upya.

Najiuliza kama ulilijua jina hilo. Nadhani ulilijua. Miaka kumi na miwili si midogo. Ungenitamkia hata mara moja tu, mama, hata sikioni. Nilikasirika, nakuambia kweli. Nilikukasirikia siku mbili nzima, nikagombana na picha yako ukutani. Halafu nikakumbuka uso wako siku ya fomu ya shule, hasira ikaniishia.

Sasa nasuka. Cheka tu, nakusikia. Miyaa nanunua Mwandiga, nailoweka, naichana, nimejikata mara tatu na moja ilibaki kidogo niende hospitali. Ukili wangu wa kwanza ulipinda mpaka Mwamvua akauliza kama ni nyoka. Bibi Anastazia ananisimamia bila huruma: juu mbili, chini moja, rudi, si hivyo, unavuta kama unafunga mbuzi! Jumamosi iliyopita, ya mwisho, nilikuwa nimeshika mwendo, sisikii hata watu wanasema nini, akanipiga kofi la mkono. "Kidole hicho," akasema, "mbona hukitumii?"

Nikatazama. Kidole changu cha mwisho, cha kushoto, kilikuwa nje, kimenyooka. Wewe hukunifundisha kusuka, nilikataa. Nimekipata kwa kukucheka.

Bibi Anastazia akaanza kunielekeza nikikunje, kisha akaacha. Akageukia dirishani. "Kiache," akasema. "Kiache hivyohivyo."

Basi hivi ndivyo nitakavyofanya, na uwe shahidi wangu. Kesho ni Ijumaa. Kaka akija kukaa kwenye kiti chako nitamwambia ukweli kuhusu mkeka, na akinifokea nitafokewa, ni haki yangu. Nitasuka mwingine wa rangi, nyekundu na zambarau, hata kama utachukua misimu minne. Mweupe nimeurudisha juu ya kabati. Huo sasa umelaliwa na mtu, kwa hiyo ni wangu, na siku yangu ikifika wataufungua bila kukosea, maana nitawaambia mapema, na nitawakalisha wanisikilize.

Kwa mkeka wa bibi, nisamehe. Lakini kila nikifikiria nakuona ulivyo huko chini, umefunikwa na kazi ya mama yako, rangi zake zote juu yako, na wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili tu alipokuacha. Siombi radhi kwa moyo wote tena, mama. Nusu ya moyo wangu imefurahi.

Umeme umerudi. Mashine zimeanza kuunguruma na kuna kijana mlangoni na cheti chake cha kuzaliwa, amekishika kwa mikono miwili. Niache nimhudumie.

Moja tu la mwisho. Jana Mwamvua aliokota ukili wangu, ule uliopinda, akaupapasa, akaniuliza, "Mama, hii nakshi inaitwaje?" Nikafungua kinywa, na neno la kwanza lililokuja lilikuwa lako. Nililihisi kabisa ulimini. Nikalimeza. Nikamwambia, inaitwa ya Feza. Akauliza, Feza ni nani? Nikasogeza mkeka, nikamwambia aketi.

Pumzika, mama yangu. Akiuliza, nitamjibu.

Siwema
binti Zaituni
binti Feza